Usitafute Kayaki, Tafuta Watu: Ushauri kwa Anayetaka Kujiunga na Klabu ya Wapiga Kafi

Jumamosi asubuhi, iwe ni kwenye hori la Kilifi, ghuba ya Msasani au kingo za Mto Nile kule Jinja, hutakosa kuwaona: vijana na watu wa makamo, wamevaa majaketi okozi, wamekaa kwenye vyombo vyembamba vya rangi kali, wanapiga kafi wakicheka. Wengi wanaowatazama hutamani kuwa miongoni mwao. Na swali la kwanza linalowatoka ni lile lile: kayaki inauzwa bei gani?

Ningependa waanze na swali jingine: chombo kikipinduka, nani atanitoa majini? Anayeanza na bei atapata chombo. Anayeanza na swali la pili atapata klabu, na kwa mtu mgeni wa mchezo huu klabu ina thamani kuliko chombo chochote. Makala haya ni kwa ajili ya huyo anayeanza. Nitaeleza vilabu vinapatikana wapi, vinapimwaje, unaingiaje, na ufanye nini kama kwenu hakuna.

Kuondoka ni rahisi, kurudi ni kazi

Kayaki ya plastiki ya kukalia juu humdanganya mtu. Haina injini wala tanga, na mtu ambaye hajawahi kushika kafi anaweza kuisukuma kutoka ufuoni na baada ya dakika kumi akawa mbali na nchi kavu. Ngalawa ina mirengu yake ubavuni, na anayeiendesha kwa kawaida amelelewa ndani yake. Kayaki haina mirengu na haimwulizi mtu amelelewa wapi. Ule upepo uliomsukuma kwa raha wakati wa kwenda ndio utakaomzuia akitaka kurudi, na hapo mikono imeshachoka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kila mwaka kuwa siku ya kuzuia vifo hivyo. Sisi wa pwani na wa maziwa makuu hatuhitaji kusomewa takwimu. Karibu kila kijiji cha ufuoni kina jina la mtu aliyetoka asubuhi asirudi.

Klabu haiondoi hatari, lakini inaipunguza sana. Kuna watu wanaojua umetoka saa ngapi na unatarajiwa saa ngapi. Kuna mikono ya kukushika ukianguka. Kuna watu wanaoyajua maji ya pale: mwamba ulipo, mkondo unapopita, mahali pa kushuka salama upepo ukigeuka. Na kuna nafuu ya mfuko, kwa kuwa vyombo, makafi na majaketi hutumiwa kwa pamoja, nawe unaweza kupiga kafi miezi mingi kabla ya kuamua kama unahitaji chako mwenyewe.

Chagua maji kwanza

Kabla ya kutafuta klabu, jiulize utapiga kafi kwenye maji gani. Bahari, ziwa na mto ni shule tatu tofauti, na klabu iliyobobea kwenye moja huenda isikufae kwenye nyingine.

Kwa anayeanza pwani, mahali pema ni kwenye mahori na ghuba zilizokingwa. Kenya kuna Tudor na Mtwapa karibu na Mombasa, kuna Kilifi, na kuna hori la Mida karibu na Watamu, lenye mikoko na maji ya kina kifupi. Dar es Salaam kuna ghuba ya Msasani, na ng'ambo yake visiwa vya Bongoyo na Mbudya, safari ya watu waliokwisha kujifunza. Tanga ina ghuba tulivu, na Unguja, Pemba na Mafia zina fukwe zilizolindwa na miamba. Hapa somo lako kubwa litakuwa maji kujaa na kupwa, pamoja na pepo mbili za mwaka, kaskazi na kusi.

Ziwa huonekana pole, ila lina hila zake. Ziwa Viktoria hupata dhoruba za ghafla, na wavuvi wa Kisumu, Mwanza na Entebbe huheshimu wingu jeusi kuliko utabiri wowote. Kando zake kuna viboko na mamba sehemu nyingine, na kuna kichocho, ugonjwa unaoletwa na vimelea wanaotoka kwenye konokono wa maji baridi na kupenya ngozi. Kichocho kina dawa, na klabu makini ya ziwani itakuambia upime wiki kadhaa baada ya kuanza kuingia majini. Kule Rwanda, watu hupiga kafi Ziwa Kivu kati ya Karongi na Rubavu, wakipita visiwa vidogo vidogo.

Mto wa maji ya kasi ni mchezo wa peke yake. Mto Tana eneo la Sagana, kama kilomita 100 kutoka Nairobi, umewafunza Wakenya wengi. Jinja, Uganda, Mto Nile umetoa wapiga kafi wanaoheshimika duniani, wakiwemo vijana waliozaliwa vijiji vya kando ya mto. Maji ya kasi hupangwa kwa madaraja, la kwanza hadi la sita: la kwanza ni mkondo mwepesi, la sita ni la kuhatarisha maisha hata kwa bingwa. Mtu wa kuanza asikubali kupelekwa daraja la tatu kwa sababu tu wenzake wanakwenda.

Ushauri wangu ni mmoja: chagua maji yaliyo karibu na kwenu, hata kama si mazuri kuliko yote. Ustadi wa kafi huja kwa kurudiarudia, na mtu anayesafiri saa sita kufika majini atakwenda mara mbili kwa mwaka kisha aache.

Vilabu vinapatikana wapi

Ukitafuta mahali penye kibao cha klabu ya kayaki unaweza kukata tamaa mapema, maana Afrika Mashariki wapiga kafi wengi wamejificha ndani ya majina mengine.

Anza na vilabu vya mashua za matanga. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Kisumu zina vilabu vya aina hiyo vya miaka mingi. Shughuli yao kuu ni tanga, lakini uliza kama kuna wanachama wanaotoka na kayaki au mbao za kupigia kafi mtu akiwa amesimama, na kama wageni hupokewa. Ada zake wakati mwingine ni kubwa, kwa hiyo uliza pia kama kuna uanachama wa vijana au wa michezo pekee.

Pili, nenda kwa wanaofundisha kwa malipo: vituo vya michezo ya majini kwenye hoteli za ufuoni, na kampuni zinazopeleka watu kwenye maji ya kasi Sagana na Jinja. Hizo ni biashara, lakini wakufunzi wake wanajua nani anapiga kafi mji mzima, na baada ya saa za kazi wengi wao hutoka na wenzao kwa raha zao. Chukua somo moja la kulipia, ufanye vizuri, kisha uulize: "Mwalimu, nyinyi wenyewe mnatoka lini?" Swali hilo limewafungulia milango watu wengi.

Tatu, fika kwenye ofisi ya kikundi cha usimamizi wa ufuo, kile ambacho kando ya Ziwa Viktoria na pwani ya Kenya kila mtu hukiita BMU. Viongozi wake wanajua kila chombo kinachoshushwa pale. Toa salamu kwanza, eleza shida yako, kaa kidogo. Watakuambia nani ni nani, na nani usimfuate.

Nne, uliza skauti, vyuo vikuu na shule zenye bwawa la kuogelea. Klabu nyingi zimeanzia kwenye bwawa la shule, kwa sababu ndipo mahali salama pa kujifunza kupinduka.

Tano, uliza serikali. Kenya, vyama vya michezo husajiliwa na Msajili wa Michezo kwa Sheria ya Michezo ya mwaka 2013. Tanzania Bara kuna Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Uganda kuna Baraza la Taifa la Michezo. Ofisi hizi zinaweza kukuambia ni chama gani kinachotambuliwa. Lakini cheti cha usajili kinathibitisha kwamba klabu ipo kisheria tu. Kama iko salama, hilo utalipima mwenyewe kwa macho.

Kwa msomaji aliyeko Uingereza, kazi ni rahisi zaidi. Paddle UK, chama ambacho hadi mwaka 2024 kiliitwa British Canoeing, kina vilabu sehemu nyingi za nchi, na uanachama wake hukupa kibali cha kutumia mito na mifereji mingi ya Uingereza ambayo bila kibali ungetozwa faini. Uskoti sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita majini kwa utaratibu mwema. Marekani kuna American Canoe Association, iliyoanzishwa mwaka 1880. Kitu kimoja tu usikidharau: baridi. Sisi tumezoea bahari ya nyuzi 25 na zaidi. Kule, jua linaweza kuwaka na maji yakabaki chini ya nyuzi 10. Mtu anayetumbukia humo hupigwa na mshtuko unaomlazimisha kuvuta pumzi bila hiari yake katika dakika ile ya kwanza, na kama kinywa kiko chini ya maji, mambo yameharibika. Usitoke na kikundi kisichokuuliza umevaa nini.

Siku ya kwanza: tazama kabla ya kulipa

Ukishapata klabu, omba kwenda kutazama. Klabu nzuri haina siri. Fika nusu saa kabla ya wao kuingia majini, simama kando, utazame mambo haya.

Tazama kama wanahesabiana. Kabla ya kushuka, mtu mmoja anapaswa kujua ni wangapi wanaotoka, na jina la kila mmoja liwe limeandikwa mahali pa kubaki nchi kavu. Wakirudi, wahesabiwe tena.

Tazama majaketi. Kila mtu amevaa? Yamefungwa, au yananing'inia? Mkufunzi mwenyewe amevaa? Jaketi linalofaa hujulikana hivi: mshike mvaaji mabegani, ulivute juu, likipanda hadi masikioni, halimfai. Majaketi mengi ya wapiga kafi yana alama ya 50N, kiwango kilichokusudiwa mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Asiyejua kuogelea apewe la nguvu zaidi.

Tazama nani anaongoza. Wahenga wamesema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwenye kikundi cha kayaki kiongozi ni mmoja, mwingine mwenye uzoefu hukaa nyuma ya wote, na hakuna anayempita wa mbele wala kubaki nyuma ya wa mwisho. Ukiona kila mtu ameshika njia yake na wageni wameachwa mkiani, hapo si mahali pako.

Tazama kama wanaweza kuahirisha. Klabu iliyofika ufuoni, ikautazama upepo, ikasema "leo hapana, tufanye mazoezi hapa hapa," ni klabu ya kuipenda.

Somo la kupinduka

Kipimo kikubwa kuliko vyote ni hiki: je, wanafundisha kupinduka? Nitalieleza somo lenyewe kwa kirefu ili ulitambue ukiliona.

Mnasimama kwenye maji ya kifuani, chini mchanga, hakuna wimbi. Mwalimu anakukalisha ndani ya kayaki yenye tundu, anakuvika sketi ya mpira inayoziba tundu hilo maji yasiingie, kisha anakuonyesha kitanzi kilicho mbele ya sketi. Kitanzi lazima kibaki nje. Mwalimu mzuri hukificha ndani makusudi na kukuuliza, "Kuna kasoro gani hapa?" Ukiiona, mnaendelea.

Unavuta pumzi, unajiinamisha mbele hadi uso ukaribie chombo, unajilaza ubavu, na kila kitu kinageuka juu chini. Maji yanaingia puani, masikio yanavuma, na mwili unataka kupiga mateke. Hupigi. Unagonga ubavu wa chombo kwa viganja mara tatu, taratibu, ili mwalimu ajue akili yako imetulia. Unapapasa ukingo wa tundu mpaka ukikute kitanzi, unakisukuma mbele na kukivuta, sketi inafunguka. Unaweka mikono kando ya nyonga, unajisukuma nje kama anayevua suruali, na unaibuka juu. Mwalimu yuko pale pale. Mkono wake haujakiacha chombo hata mara moja. Neno lake la kwanza ni, "Kafi lako liko wapi?" Analiuliza hilo kwa sababu mtu aliyeokoka bila kafi bado hajafika nyumbani.

Kisha mnajifunza kuokoana. Mwenzako anaishika omo ya kayaki yako iliyopinduka, anaipandisha juu ya chombo chake mpaka vyombo viwili vifanye msalaba, maji yanamwagika, anaigeuza na kuirudisha majini. Anailaza sambamba na yake, omo kwa tezi, anaishika kwa nguvu zake zote, nawe unapanda kwa tumbo na kugeuka hadi ukae. Wenye mazoezi humaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Wasio na mazoezi hubishana, huku mkondo ukiwachukua wote wawili.

Klabu inayokupitisha kwenye somo hili mwanzoni kabisa inakuheshimu. Inayokuambia "utajifunza mbele ya safari" imeweka kamari na maisha yako.

Maswali ya kuuliza bila haya

Baada ya kutazama, omba kuzungumza na kiongozi. Salimu, shukuru kwa kupokewa, kisha uliza. Nani anafundisha hapa, na yeye alifundishwa na nani, ana cheti gani? Mara ya mwisho mtu kupata ajali ilikuwa lini, na mlibadilisha nini baada yake? Kiongozi anayejibu "hatujawahi kupata tatizo lolote" baada ya miaka mingi ama hatunzi kumbukumbu, ama hasemi yote. Anayekueleza tukio kwa utulivu na kukuonyesha kanuni waliyoiweka kwa ajili yake, huyo amejifunza.

Endelea: huduma ya kwanza anaijua nani, na kisanduku chake kiko wapi? Mkitoka mnabeba nini? Jibu unalolitaka ni filimbi kwa kila mtu, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, kamba ya kukokotea chombo baharini au ziwani, na mfuko wa kamba ya kutupia mtoni. Kuna bima? Mkiingia hifadhi ya bahari, kama ile ya Watamu, ya Malindi au ya Kisiwa cha Mafia, kiingilio analipa nani?

Swali la ada liwe la mwisho, na uliulize kikamilifu: kiingilio ni kiasi gani, ada ya mwezi au mwaka ni kiasi gani, inagharamia nini, chombo kikivunjika nani analipa, na mahesabu husomwa lini mbele ya wanachama. Omba kupewa risiti. Kama ni lazima ulipe mwaka mzima kabla ya kujaribu hata mara moja, subiri. Vilabu vingi vyenye nia njema hukubali mgeni atoke nao mara chache kabla ya kuamua.

Klabu na wavuvi

Kuna kipimo kingine ambacho vitabu vya kigeni havikitaji, nacho kwetu ni muhimu: klabu inaishije na wavuvi wa pale?

Klabu inayosalimiana na wavuvi hupata elimu isiyouzwa popote. Mzee aliyekulia baharini atakitazama kikundi chenu na kuwaambia, "Wanangu, leo ni bamvua. Mkichelewa, hori litawatema nje." Ana hoja. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani yetu inaweza kukaribia mita 4. Maji yote hayo hutoka na kuingia kwa saa sita hivi, tena si kwa mwendo ule ule. Saa ya kwanza hutoka kidogo, ya pili huongezeka, na saa ya tatu na ya nne peke yake huondoa karibu nusu ya maji yote. Katika mlango mwembamba wa hori, saa hizo mbili mkondo huwa mkali kuliko mkono wa mtu. Upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini kukabiliana na maji yanayotoka, mawimbi mafupi yenye kusimama huzaliwa pale pale mlangoni. Wakati wa maji mafu mambo hupoa, na hizo ndizo siku za kuwafunza wageni.

Klabu nzuri hupanga kalenda yake kwa mwezi na upepo. Hutoka asubuhi kabla ya upepo wa mchana kushika, hutangulia kwenda dhidi ya mkondo ili kurudi kuwe kwepesi, na hujihadhari na upepo unaotoka bara, ambao ufuoni hauonekani kuwa kitu lakini unamsukuma mtu nje bila kelele. Na haipiti juu ya nyavu, haifungi kayaki kwenye maboya ya mitego, haiegeshi vyombo mahali pa madau. Siku ya shida, chombo cha kwanza kuwafikia kinaweza kuwa cha huyo mvuvi.

Asiyejua kuogelea, mwanamke, mtoto

Wengi hujitenga na mchezo huu kwa sababu hawajui kuogelea na wanaona haya kusema. Sema. Klabu ya kweli itakupeleka bwawani au kwenye maji mafupi kwanza. Huhitaji kuwa bingwa. Unahitaji kuelea ukiwa na jaketi bila hofu, kuweka uso majini, na kuogelea umbali mfupi hadi kwenye chombo. Mambo hayo mtu mzima hujifunza, tena vizuri.

Wanawake wa pwani wana swali la ziada, la mavazi na la nani anafundisha. Lina jibu. Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea na kuokoa wakiwa wamevaa mavazi yanayositiri mwili mzima. Mavazi kama hayo ya kitambaa chepesi, yenye kubana kiasi, yanafaa kabisa kwenye kayaki. Kisichofaa ni kitambaa kirefu kilicholegea kinachoweza kunasa mguu. Uliza kama kuna mkufunzi wa kike au siku ya wanawake. Kama haipo, mkiwa wanne au watano mnaweza kuiomba, na klabu inayotaka kukua haitakataa.

Kwa mtoto, mzazi aende mwenyewe. Uliza wakufunzi wangapi kwa watoto wangapi, kama watu wazima wawili huwapo daima, kama kuna majaketi ya kipimo cha watoto, na mnakabidhiana vipi mwisho wa mazoezi. Ukijibiwa kwa kununa, mchukue mwanao muondoke.

Ukishaingia, uwe wa kufaa

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwanachama mpya hupendwa kwa mambo madogo: kufika mapema kubeba vyombo, kubaki mwisho kuviosha kwa maji baridi ili chumvi isile vyuma, kulipa ada bila kukumbushwa, kusema amechoka kabla ya kuchoka kabisa. Hilo la mwisho ni la usalama. Kiongozi anaweza kubadilisha njia kwa ajili ya mtu aliyesema mapema. Aliyenyamaza hadi mikono ikaisha analazimisha wote wamkokote.

Usiruke hatua. Tumia msimu wa kwanza kujifunza kupiga kafi kwa mwili mzima, kuanzia kiunoni, maana anayetumia mikono peke yake huumia mabega. Jifunze kugeuza chombo, kukisimamisha, kukirudisha nyuma. Safari za mbali zitakuja. Mwaka 2008, Benjamin Boukpeti aliipatia Togo medali yake ya kwanza ya Olimpiki kwa kayaki ya slalomu, naye alikuzwa na mchezo huu Ufaransa, nchi yenye vilabu tele. Vipaji vya namna hiyo viko Kisumu, Kigoma na Jinja. Kinachopungua ni mahali pa kuvilea.

Na uwe mtetezi wa maji yenu. Bwawa la Bujagali lilipokamilika mwaka 2012, na la Isimba mwaka 2019, sehemu ya maji ya kasi ya Nile yaliyowalea wapiga kafi wa Jinja ilifunikwa. Nchi inahitaji umeme, sawa. Lakini wanaoutumia mto kwa michezo na utalii husikilizwa tu wakiwa wamejipanga. Ni hivyo hivyo kwa mikoko inayokatwa na maji taka yanayomwagwa kwenye mahori yetu. Mtu mmoja akilalamika ni kelele. Klabu yenye katiba na muhuri huandikiwa majibu.

Kama kwenu hakuna klabu

Anzeni. Mnahitaji watu watatu walio tayari kufundishwa, mkufunzi mmoja aliyefuzu hata kama mtamlipa aje mara moja kwa mwezi, na ufuo wenye wenyewe waliokubali. Tafuteni ridhaa ya kikundi cha ufuo na ya serikali ya mtaa kabla ya kununua chochote. Ulizeni mamlaka ya vyombo vya majini masharti ya vyombo vidogo: Kenya ni KMA, Tanzania Bara ni TASAC, Zanzibar ni ZMA. Fedha za kwanza zinunue majaketi, za pili mafunzo ya kuokoa na huduma ya kwanza, za tatu ndipo vyombo, tena viwili vilivyotumika vikatosha. Andikeni kanuni chache ambazo hazivunjwi hata na mwenyekiti: hakuna kutoka peke yako, hakuna kutoka bila jaketi, hakuna kutoka bila jina lako kuandikwa. Mkishaongezeka, sajilini.

Wiki hii, basi, fanya jambo moja. Nenda kwenye maji yaliyo karibu na kwenu, ukiwa na salamu tu, na umuulize mtu wa pale nani anapiga kafi hapa na huwa wanatoka siku gani. Siku hiyo rudi, tazama wanavyohesabiana, tazama wanavyovaa, omba uone wanavyookoana. Wakikuridhisha, lipa ada yako na uanze. Wasipokuridhisha, waambie kwa heshima unachokiona kinapungua, kisha utafute wengine au uwakusanye wenzako muanze wenyewe. Kayaki ya kununua utaipata wakati wowote.